Ndege ya Ukutani na Mdomo wa Sezaria

Wiki iliyopita vijana wawili walinifuata nyumbani Musinzira, hapa Gitega, na kamera ya zamani waliyoipata sokoni. Mmoja wao alitaka kunihakikishia kwamba ndani kuna pelikili, ndiyo filamu kwa mliosoma Tanzania, akaifungua mgongo palepale uani, saa sita mchana. Ilikuwemo kweli. Mwanga ukaila yote mbele ya macho yetu, nami nikamshukuru kwa kunionyesha. Akadhani nimemsifu.

Wanataka kujifunza kupiga picha za kizamani. Wanasema simu zao zinatoa picha safi mno, hazina roho. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sisi tuliumia migongo na macho tukitafuta picha safi, leo nyinyi mnayo mfukoni na mnakuja kwa bibi kizee kuomba uchafu. Haya, uchafu ninao mwingi. Kazi nimeacha lakini mdomo haujaacha, na nitawaeleza mambo kama yanavyonijia. Anayetaka mpangilio akamtafute mwalimu.

Kazi hii nilifundishwa Muyinga na baba yangu mkubwa, mzee Kassimu, mtu mfupi mwenye ulimi mkali aliyewatukana wateja wote bila kubagua dini. "We, funga kinywa, nzi itaingia mu foto," alimwambia kila mtu, hata sheikh. Wanawe wa kiume hawakutaka kukaa katika chumba cha giza; walisema kinanuka siki na kina majini. Mimi nilikipenda tangu siku ya kwanza. Kilikuwa chumba pekee katika nyumba ile ambamo hakuna mtu angeweza kunituma maji.

Alinifundisha kupima mwanga bila chombo chochote. Angalia kivuli chako chini, alisema. Kikiwa na ukingo mkali, finya tundu la lenzi. Kikilegea, lifungue. Usipokiona kabisa, rudi nyumbani ukapike. Nyinyi nasikia mnaweka programu ya kupima mwanga kwenye simu, na kivuli mnacho tangu mzaliwe.

Lakini msidhani mzee Kassimu hakukosea. Alipiga harusi nzima ya watu wakubwa pale Muyinga na pelikili haikuwa imeshika kwenye kigingi cha kuizungushia. Alibofya, akavuta wenzo, namba zikapanda, watu wakapangwa na kupangwa upya, na muda wote huo pelikili imelala kwenye kopo lake haina habari. Alikuja kugundua jioni. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye alikwenda kwa baba wa bibi harusi amekunja uso, akasema, "Bon, jua ya ile siku haikukuwa na adabu. Mutavaa tena Ijumaa."

Wakavaa tena. Wakapika pilau tena. Shida ikawa bibi harusi. Kwetu bibi harusi hachekicheki siku yake. Anainamisha macho na kusikitika kuacha kwao, ndiyo heshima. Sasa huyu alikuwa ameshakaa kwa mumewe wiki nzima na mambo yalikuwa yamemnyookea. Kila shangazi akimnong'oneza "huzunika", anapasuka kwa kicheko. Baba yake alizitazama zile picha akasema ni aibu ya ukoo. Mimi niliyezisafisha nasema ndizo picha nzuri za harusi kuliko zote zilizopita mikononi mwangu.

Kwa hiyo, vijana, ukivuta wenzo angalia kile kitufe cha kurudishia pelikili upande wa kushoto. Kikizunguka, pelikili inatembea. Kisipozunguka, anza kutunga uwongo mapema.

Niliolewa Gitega na fundi wa kushona. Kibanda chake kilikuwa na ukuta mmoja mtupu, nikauchukua kabla hajauliza, tukawa na studio. Baadhi ya watu walisema mwanamke na kamera wapi na wapi. Hao hao wakawa wananiita kwenye harusi, kwa sababu mimi niliingia chumba cha ndani wanakopambwa mabinti, na wapiga picha wenye ndevu waliachwa nje na mbuzi.

Gitega ina baridi, hasa Juni na Julai, na dawa ya kusafishia pelikili haipendi baridi. Ikipoa sana, picha inatoka imefifia kama maji ya mchele. Vitabu vinasema tumia kipimajoto. Mimi chupa ya dawa niliibeba mgongoni kwa kanga nikaendelea na shughuli nyingine, na ikishaacha kunishtua mgongo, najua iko tayari. Wateja wengine walinipongeza kwa kujifungua. Nilipokea pongezi, nikauliza kama wamekuja na zawadi.

Na lile vumbi la kiangazi: likigusa pelikili mbichi haling'oki tena, unampiga mtu picha anatoka na ndui. Dawa yake ni kumwaga maji ya moto kwenye sakafu ya bafu, mvuke unashusha vumbi, kisha unatundika pelikili humo na kufunga mlango mpaka zikauke. Nyumba nzima inazuiwa kuoga. Mume wangu alikuwa na maneno yake juu ya jambo hilo, na baadhi ya siku majirani nao walikuwa nayo.

Sasa nifike kwenye ndege, maana ndiyo mliyoiulizia, ile iliyochanika nusu inayofunika kuni zangu.

Wakati ule studio bila pazia la kuchorwa nyuma ya mteja haikuwa studio. Nilimwendea mtu aliyekuwa akichora vibao vya maduka, nikamwagiza bustani. Akauliza bustani hiyo inalimwa nini. Nikamwambia hailimwi kitu, watu wanakaa tu. Alinitazama kwa huruma, akaenda kuchora anachokijua: ndege, kubwa, nyeupe, mlango wazi, na ngazi inashuka mpaka sakafuni kwangu. Ukimsimamisha mtu vizuri, mguu mmoja mbele, utasema ndiyo anapanda. Mabawa hayakulingana, lakini nani angeyapima.

Mji mzima ulipigwa picha pale. Mume wangu aliweka koti moja la wanaume, amelipasua mgongoni, tunalibana kwa nyuma na vibanio vya nguo, linamkaa mnene na mwembamba. Wanawake tuliwawekea mkoba mweupe na miwani ya jua. Ukikusanya picha zote za Gitega za miaka ile, utakuta wanawake wote wana mkoba mmoja.

Ilikuwa miaka ya amani kuingia na watu kurudi. Malori yalikuwa yakiteremsha watu kutoka kambi za Tanzania, watu walioondoka wakibebwa mgongoni wakarudi na watoto wao wenyewe. Nestori alikuwa mmoja wao. Alikulia kambini huko Ngara, akarudi na mkewe kwenye kilima cha kwao Makebuko. Aliyewapokea ni mama yake mkubwa, Sezaria, dada wa mama yake, ambaye hakukimbia hata siku moja. Alikuwa amelilinda shamba la ukoo peke yake miaka yote ile, kwa jembe na kwa mdomo, na walioonja vyote viwili walisema afadhali jembe.

Mama yake Nestori, Anastazia, alibaki kambini. Alikataa kupanda lori. Zamani aliambiwa kwamba dada yake ameuawa, akamlilia, akaumaliza msiba wake, na sasa mwanawe anamtumia habari kwamba yuko hai na anapalilia. Hakuamini. Kambini palikuwa na uvumi kwamba wanaorudi wanalazimishwa kutuma habari njema. Na malori yenyewe yalikuwa karibu kusimama. Baada ya hapo kambi ingefungwa, na Nestori hakujua mama yake angekwenda wapi.

"Shikamoo Mama Zubeda," aliniambia alipoingia studio, kwa kile Kiswahili chao kilichonyooka ambacho kilitufanya sisi wa mjini tuone tumezaliwa na kigugumizi. "Mama yangu amesema atapanda gari akimwona mama mkubwa kwa macho yake. Naomba umpige picha nzuri kabisa, ya heshima."

"Mi nafanyaka nzuri tu," nikamjibu. "Umulete."

Akamleta, mama mrefu, mwembamba, mwenye viganja vya kulima. Nikampiga picha nzuri kabisa. Mkoba mkononi, miwani usoni, mguu mmoja kwenye ngazi ya ndege. Mwenyewe aliipenda, akataka na ya kutundika nyumbani. Picha ikaondoka na mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akipita Muyinga na mpaka wa Kobero kwenda ng'ambo na kurudi.

Nestori alirudi kwangu uso umemshuka.

"Mama amekataa."

"Hakumujua dada yake?"

"Amemjua. Anasema, kama huko ni kwema, mbona dada anapanda ndege?"

Mnacheka. Lakini jiwekeni mahali pake. Kambini walikuwa wakiona wenzao wakichaguliwa na kupelekwa Amerika, na waliochaguliwa waliondoka kwa ndege. Anastazia alipiga hesabu yake: dada yu hai, sawa, na zamu yake ya kuondoka imefika. Basi naye atulie pale pale asubiri yake. Baya zaidi, mle kambini zilikuwamo picha nyingine zilizotoka kwangu. Watu walizileta wakazilinganisha. Kila mtu wa Gitega alikuwa anapanda ndege ileile, na wanawake wote wameshika mkoba uleule, ambao wakakubaliana kwamba lazima unagawiwa na hao wanaosafirisha. Majirani zake wakaanza kuyapa malori kisogo. Mimi na mchora vibao wangu tulikuwa tumevuruga safari za watu kuliko uvumi wowote.

Mume wangu aliposikia alicheka karibu ameze pini. Mimi sikucheka siku hiyo. Nestori alikuwa amekaa kwenye benchi langu, mwanamume mwenye ndevu zake, analia bila kujificha, anasema amemfungia mama yake mlango kwa mkono wake mwenyewe. Iliniuma sana. Picha ilikuwa yangu, na pazia langu, na ule mguu kwenye ngazi ni mimi niliyeuweka. Nikamwambia kesho nakwenda Makebuko.

Nilimkuta Sezaria amevaa nguo za misa na amejipaka mafuta. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na mambo mazito aliyasema kwa Kirundi; mimi nawaandikia yote kwa Kiswahili.

"Ndege iko wapi?" ndiyo salamu aliyonipa.

"Haikuja, mama."

"Na mkoba?"

"Haikuja pia."

"Kwa hiyo mdogo wangu anione hapa na jembe, kama mtu asiye na kitu."

"Mama, we uko na kilima nzima."

Hilo hakulijali. Kilima kilikuwapo siku zote, mkoba ulikuwa wa siku moja. Tulibishana mpaka kivuli kikasogea, mwishowe akakubali kukaa kwenye kiti mbele ya mlango wake. Nilimpiga mbili. Zilikuwa picha safi, mwanga mzuri, na nilijua ninapobofya kwamba hazitafaa. Alikaa mikono magotini, uso umekauka, anatazama mbele kama mtu anayesubiri sindano. Uso ule ungeweza kuwa popote. Picha za namna ile ndizo tulizoziweka juu ya majeneza, na Anastazia alikuwa tayari na maiti mmoja wa dada yake kichwani.

Nestori, masikini, alirudi nyuma hatua moja aone mama mkubwa amependeza vipi, akakanyaga mstari wa maharagwe yaliyoanza kuota.

Sezaria aliondoka kwenye kiti kabla sijajua ameondoka. Alimwambia Nestori kwamba amefundishwa kutembea mahali ambapo ardhi si ya mtu. Alimwambia hata mbuzi wa jirani wanaujua mstari ule. Kwamba mbegu ile aliificha kwenye paa la nyumba miaka ambayo watu walikuwa wakila majani, na haikuliwa na panya wala askari, sasa inakuja kuliwa na kiatu cha mtoto wa mdogo wake. Mkono uko juu, kitambaa cha kichwa kimemtoka. Nikabofya. Sikuangalia kivuli, sikuangalia kitu.

Niliirudisha pelikili nikaenda nayo Gitega, nikaisafisha, na kesho yake nikaingia chumba cha giza kutoa picha kwenye karatasi. Hapa ndipo ningependa mnielewe, nyinyi mnaouliza tuliipendea nini kazi hii. Unaweka karatasi nyeupe ndani ya dawa, chini ya taa nyekundu, unatikisa sinia taratibu, na kwa muda hakuna kitu. Kisha vyeusi vinatangulia. Siku ile kilichotangulia ni mdomo wa Sezaria. Ulitokea peke yake katikati ya karatasi, wazi kabisa, unagomba bila uso. Ukafuata mkono, kisha migomba nyuma yake, kisha ua wa minyaa alioupanda baba yao. Uso ukaja mwisho. Nilisimama pale nikicheka peke yangu gizani, na nywele zimenisimama.

Kama picha, ilikuwa mbovu tupu. Mkono umetikisika hata vidole havionekani, kichwa cha Nestori kimekatwa nusu, kilima kimeinama. Mzee Kassimu angeitumia kufungia karanga.

Siku ya soko Sezaria alipita studio kuzitazama. Zile mbili za kitini alizikubali. Ile ya tatu aliitazama, akaigeuza chini.

"Hii ya mdomo uichome."

"Nitachoma, mama," nikasema.

Alipotoka, nikazitia zote tatu kwenye bahasha moja nikampa Nestori. Aliniuliza kama sikumuahidi mama mkubwa. Nikamwambia niliahidi kuchoma, sikutaja mwaka. Sikuona haya siku ile wala leo sioni.

Majibu alituletea yule mfanyabiashara wa vitenge, ambaye alikuwepo. Anastazia alizitazama zile picha mbili za kitini, akaziweka chini. Akaishika ya tatu. Akakaa nayo kidogo, kisha akaanza kucheka, kiganja mdomoni, mpaka machozi. Majirani wakauliza kuna nini. "Huyu anagombeza," akawaambia. "Mtu hagombezi hivi kwa watu. Yuko kwake." Akaingia ndani, wakamsikia anafunga mizigo.

Sezaria alipopata habari kwamba mdogo wake anakuja, alisema hatamsubiri Makebuko, kwa sababu haamini dereva yeyote kuleta kitu chake salama. Tukaenda Muyinga yeye, Nestori na mimi, tukafikia kwenye nyumba ya marehemu mzee Kassimu. Njia nzima alikuwa anajifunza maneno atakayomwambia. Alianza na mtu anayemzika dada yake bila kuja kuangalia kama amekufa, na kutoka hapo yakawa mengi. Niliyasikia yote. Nilimhurumia Anastazia.

Malori yakaingia asubuhi, yamejaa milango, mabati, kuku, magodoro na watoto. Watu wakaanza kushuka. Anastazia alikuwa mfupi, mnene kidogo, kuku amembana kwapani. Nestori akamshika mkono, akamleta mbele ya dada yake.

Sezaria hakusema kitu.

Nilidhani anajipanga. Tukangoja. Midomo ilikuwa inacheza lakini sauti haikutoka. "Mama mkubwa," Nestori akasema, "ni mama." Watu walitupita na mizigo yao, wakatukanyaga miguu, na yeye amesimama tu, mikono imelegea, amekauka vilevile kama alivyokauka kwenye kile kiti.

Nikamwona Anastazia anaanza kuogopa. Aliitazama ile sura, akatazama vilima, akatazama watu asiowajua. Akageuka akaangalia lori, kama anayepima kimo cha kurudi juu. Kisha akamkaribia dada yake na kusema kwa sauti ya chini, nadhani hakutaka mwanawe asikie:

"Nigombeze basi. Nigombeze nijue nimefika."

Macho ya Sezaria yakatafuta huku na huku, yakaangukia godoro ambalo Nestori alikuwa ameliteremsha.

"Nani alikufundisha kufunga godoro hivi?" Sauti ilimtoka nyembamba, haikuwa yake. Akajaribu tena. "Miaka yote hiyo uko kwa watu, hukujifunza hata fundo."

Akapiga magoti akaanza kufungua kamba na kuifunga upya, na maneno yakaja. Juu ya kamba, juu ya kuku aliyebanwa vibaya, juu ya kitambaa cha kichwa, juu ya watu wanaolia msiba wa mtu anayelima. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye fundo na yeye anagomba tu. Anastazia akakaa juu ya godoro, juu ya kamba yenyewe, akakataa kuinuka. "Endelea," alikuwa anasema. "Endelea."

Mimi kamera nilikuwa nayo jichoni na sikuona kitu. Nikafuta lenzi, sikuona kitu. Nikafuta tena, nikavuta kamasi, na Sezaria, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ile kamba, akanitolea Kiswahili chake cha sokoni:

"Na we Mama Zubeda, enda ulilie kule. Mashine itaingia maji."